UZI: Maili 3 au maili 12? Mkataba wa kuzuia nyuklia kwenye sakafu ya bahari ulivyokwama kwenye mpaka, Geneva 1969

Nahodha wa Mwambao ameandika:

Wakuu, salaam. Kila mjadala wa mipaka ya bahari unapoibuka hapa, tunarukia moja kwa moja hukumu ya Kenya na Somalia iliyotolewa The Hague tarehe 12 Oktoba 2021. Leo naomba turudi nyuma miaka hamsini na zaidi, maana huko ndiko kuna somo ambalo naona halizungumzwi kabisa kwa Kiswahili.

Kuna mkataba wa kimataifa unaokataza nchi kuweka silaha za nyuklia, au silaha nyingine za maangamizi, kwenye sakafu ya bahari. Ulifunguliwa kwa saini tarehe 11 Februari 1971 katika miji mitatu kwa mpigo, Washington, London na Moscow, na ukaanza kutumika 18 Mei 1972. Mpaka leo nchi zaidi ya 90 zimejiunga. Ukisoma juu juu utadhani ugomvi wa kuupata ulikuwa wa mabomu. Haukuwa hivyo. Juu ya bomu lenyewe wakubwa wawili, Marekani na Umoja wa Kisovieti, walielewana mapema. Waliposhindana hasa ni swali la mtu wa pwani: bahari yako inaishia wapi?

Nianze na aliyeliamsha jambo. Tarehe 1 Novemba 1967, balozi wa Malta kwenye Umoja wa Mataifa, Arvid Pardo, alisimama mbele ya Kamati ya Kwanza ya Baraza Kuu akahutubia kwa saa kadhaa. Malta ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Pardo akawaambia wajumbe kwamba teknolojia inakaribia kufika kilindini, kwamba kuna mawe ya manganizi yaliyotapakaa huko chini, na kwamba wenye mitambo wataigawana sakafu hiyo kama Afrika ilivyogawanywa, na kuijaza silaha, wengine tukiwa tunatazama. Alichotaka ni sakafu iliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote itambuliwe kuwa urithi wa pamoja wa wanadamu, itumike kwa amani tu.

Hofu ya silaha ilikuwa na msingi. Januari 1966 ndege ya Marekani iliyobeba mabomu ya haidrojeni iligongana na ndege iliyokuwa ikiijaza mafuta angani, juu ya Palomares, Hispania. Mabomu matatu yaliangukia nchi kavu, la nne likazama baharini. Wakalitafuta mpaka Aprili, wakalitoa kwenye kina cha zaidi ya mita 800. Kama mtu anaweza kuliokota bomu kwenye kina hicho, basi anaweza pia kuliweka. Na tayari Wamarekani walikuwa wametandaza chini ya Atlantiki na Pasifiki vifaa vya kusikiliza mlio wa nyambizi za Kisovieti.

Hivyo vifaa vya kusikiliza muviweke akilini.

Mazungumzo yakapelekwa Geneva, kwenye Kamati ya Upunguzaji Silaha ya mataifa kumi na manane. Wenyeviti wenza wa kudumu walikuwa Marekani na Umoja wa Kisovieti. Ufaransa ilikuwa na kiti lakini haikuwahi kukikalia. Afrika ilikuwa na Ethiopia, Nigeria na Misri; kamati ilipopanuliwa mwaka 1969 hadi wajumbe 26, ikaongezwa Morocco.

Tarehe 18 Machi 1969 Wasovieti wakaweka rasimu yao mezani: hakuna kitu chochote cha kijeshi kwenye sakafu ya bahari, iwe kambi, ngome au mtambo, kuanzia maili 12 kutoka pwani. Tarehe 22 Mei Marekani ikaleta yake: katazo liwe la silaha za nyuklia na za maangamizi tu, lakini lianzie maili 3.

Tazameni jinsi rasimu hizo mbili zilivyopishana. Moscow inakataza mambo mengi lakini inaanzia mbali. Washington inakataza machache lakini inaanzia karibu. Na kila upande una sababu yake ambayo haikuandikwa kwenye rasimu. Katazo la kila kitu cha kijeshi lingeng'oa vile vifaa vya kusikiliza, macho na masikio ya Marekani dhidi ya nyambizi. Marekani isingeweza kulikubali.

Na maili je? Hapo naomba niendelee kwenye bandiko linalofuata, maana ndipo penye kiini.

Nahodha wa Mwambao ameandika:

Naendelea.

Maili 3 ni mapokeo ya zamani ya mataifa ya meli. Marekani iliyashika tangu 1793. Urusi ilidai 12 tangu kabla ya mapinduzi, na Wasovieti wakaendelea nayo. Umoja wa Mataifa ulijaribu kulimaliza suala hili Geneva mwaka 1958 ukashindwa: mikataba minne ilipitishwa, na ule wa bahari ya kitaifa, yaani maji ya pwani yaliyo chini ya mamlaka ya nchi, haukutaja upana wake. Ulichotaja ni ukanda unaopakana nayo, wa forodha, uhamiaji na afya, ambao hauwezi kuvuka maili 12. Mwaka 1960 wakarudi. Marekani na Kanada wakaja na pendekezo la maili 6 za bahari ya kitaifa na 6 nyingine za uvuvi. Likakosa theluthi mbili kwa kura moja. Kura MOJA, wakuu. Ingepatikana hiyo kura, ramani ya bahari tunayoijua leo huenda ingekuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo mwaka 1969 hapakuwa na sheria ya pamoja, na kila balozi pale Geneva alijua kwamba tarakimu yoyote itakayoandikwa kwenye mkataba wa silaha, kesho italetwa mahakamani au kwenye mkutano mwingine kama ushahidi: "Mlikubali wenyewe."

Mfano ulio wazi zaidi ni Mlango-Bahari wa Hormuz. Penye wembamba kabisa, kutoka Iran mpaka upande wa Musandam, Oman, ni takriban maili 21 za baharini. Kila upande ukidai maili 3, katikati zinabaki 15 za bahari huru. Kila upande ukidai 12, jumla ni 24, hakibaki kitu. Na kwa sheria ya 1958, nyambizi inayopita kwenye bahari ya kitaifa ya mwenzako lazima iibuke juu na kuonyesha bendera. Nyambizi yenye makombora ya nyuklia thamani yake yote ni kujificha. Milango-bahari zaidi ya mia moja duniani ingefungika namna hiyo kama 12 ingekubalika bila sharti.

Ndiyo maana Marekani iliogopa kuandika 12 hata kwenye mkataba ambao haukuhusu kupita kwa meli. Wasovieti nao, meli zao za kivita zilipoanza kuzagaa Mediterania na Bahari ya Hindi, hawakuwa na hamu ya kuona milango hiyo inafungwa.

Mwana wa Muscat ameandika:

Shukrani nahodha. Nathibitisha hiyo hesabu ya Hormuz. Oman ilitangaza maili 12 mwaka 1972 na Iran ilishatangaza yake 1959. Njia ya meli kubwa pale inapita upande wa Musandam, kwa hiyo kila meli ya mafuta unayoiona inakatiza kwenye bahari ya kitaifa ya mtu. Sisi tuliozoea kuisikia Hormuz kwenye taarifa za habari tunadhani ni suala la mafuta peke yake. Sikujua kwamba iliingia kwenye mazungumzo ya nyuklia namna hiyo.

Sasa swali: walitokaje hapo?

Nahodha wa Mwambao ameandika:

Shekhe, waliuziana. Wasovieti wakaachia katazo la kila kitu cha kijeshi, wakakubali libaki la silaha za maangamizi. Marekani ikaachia maili 3, ikakubali 12. Tarehe 7 Oktoba 1969 wenyeviti wenza wakatoa rasimu moja ya pamoja.

Lakini angalieni ufundi wa hiyo 12. Hawakusema "bahari ya kitaifa ya maili 12". Walikwenda kuazima ule ukanda unaopakana wa mkataba wa 1958, kitu kilichokwisha kukubalika kwa kazi nyingine, wakasema katazo litaanzia mwisho wa ukanda huo. Baadaye wakakiita kwa jina jipya kabisa, "ukanda wa sakafu ya bahari", jina ambalo halikuwa na historia ya ugomvi. Juu yake wakaweka ibara ya nne, ambayo kwa maneno yangu inasema hivi: hakuna chochote ndani ya mkataba huu kinachounga mkono au kudhuru msimamo wa nchi yoyote kuhusu maji ya pwani yake, wala kuhusu ardhi ya bara inayoendelea chini ya bahari, wala kuhusu kuyatambua au kutoyatambua madai ya nchi nyingine.

Mimi ibara hiyo naiheshimu sana. Wapo wanaoiona kama ukwepaji. Naiona kuwa ndiyo iliyouokoa mkataba mzima. Bila hiyo, wajumbe wangesubiri dunia ikubaliane kuhusu upana wa bahari ndipo waanze kuzungumzia mabomu, na makubaliano hayo yalikuja 1982.

BintiNyanza ameandika:

Mkuu, nimefuatilia kwa makini lakini kuna kitu sijaelewa. Kama katazo linaanzia maili 12, ina maana ndani ya maili 12 mtu anaruhusiwa kuweka bomu la nyuklia? Na anayeruhusiwa ni nani, mwenye pwani tu au yeyote?

Nahodha wa Mwambao ameandika:

Dada yangu, swali hilo hasa ndilo lililowarudisha mezani. Rasimu ya Oktoba ilikuwa na pengo. Chukua nchi yenye bahari ya kitaifa ya maili 3. Kuanzia maili ya 3 hadi ya 12 ni bahari huru, na katazo linaanzia 12. Kwa kusoma maneno yalivyokuwa, katikati hapo hata nchi ya kigeni ingeweza kudai kwamba haijakatazwa. Unaweza kuamka ukakuta kombora la mwenzako liko maili 5 kutoka ufukweni kwako, na mkataba wa kuzuia silaha hauna neno.

Rasimu ilirekebishwa mara kadhaa: mwisho wa Oktoba 1969, kisha Aprili 1970, kisha ya mwisho Septemba 1970. Kwenye mkataba wenyewe mambo yakakaa hivi: katazo linafika hata ndani ya ukanda wa maili 12, isipokuwa halimhusu mwenye pwani mwenyewe, wala haligusi sakafu iliyo chini ya bahari yake ya kitaifa. Yaani mgeni hana ruhusa kati ya mpaka wa bahari yako ya kitaifa na maili 12. Ndani ya bahari yako ya kitaifa, mkataba unanyamaza, mambo ni yako. Ukimkaribisha rafiki humo, mkataba huu haumzuii.

Na nyambizi je, ikijilaza chini kabisa kwenye mchanga? Hiyo ni chombo cha majini, haihesabiki kuwa imewekwa kwenye sakafu, hata ikitulia hapo. Lakini mtambo unaotambaa juu ya sakafu, usioweza kwenda bila kuigusa, huo umekatazwa. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mkataba, na hauna haja ya kufichwa: makombora yaliyokuwa hatari kweli yalikuwa ndani ya nyambizi, na yote yakabaki yalipokuwa.

Mzee wa Kilindini ameandika:

Vijana wangu, mnachambua vizuri. Naongeza upande mmoja ambao nahodha ameupita haraka: ukaguzi. Katika rasimu yao ya kwanza Wasovieti walitaka mitambo yote iwe wazi kukaguliwa kwa nipe nikupe, kama ilivyo Antaktika. Wamarekani wakasema chini ya bahari haiwezekani, gharama ni kubwa mno na huwezi kufungua mtambo ulio kilindini bila kuuharibu.

Sasa fikiria nchi isiyo na nyambizi wala chombo cha kuzamia. Itamkagua nani? Kanada ndiyo iliyolishikilia suala hilo, na Brazil na Argentina zikalishikilia kwa njia yao: zenyewe zilitaka mwenye pwani asiondolewe kwenye ukaguzi unaofanyika mbele ya nyumba yake, kwenye ardhi yake inayoendelea chini ya maji. Wenyeviti wenza walilazimika kusogea. Ibara ya tatu ikapata meno kidogo. Unaweza kutazama shughuli za mwenzako bila kumwingilia. Ukiwa na shaka, mnashauriana. Shaka isipoisha, mnakubaliana utaratibu wa kukagua, na nchi za jirani zinaarifiwa na kualikwa. Kama huna uwezo unaweza kusaidiwa na nchi nyingine au kupitia Umoja wa Mataifa. Na mwisho wa yote, Baraza la Usalama.

Hapo mwisho ndipo mimi ninapoona kasoro. Baraza la Usalama lina kura ya turufu, na wenye turufu ndio hao hao wenye uwezo wa kuweka mabomu huko chini.

Nahodha wa Mwambao ameandika:

Mzee shikamoo, na ahsante. Kasoro hiyo naikubali. Ila naomba tusiwadharau Brazil na Argentina na Kanada. Rasimu iliyotoka kwa wakubwa wawili haikuwa ileile iliyopigiwa kura. Ndani ya mwaka mmoja nchi zisizo na bomu hata moja ziliingiza haki za mwenye pwani, ziliziba lile pengo la maili, na kwa msukumo wa Sweden na wengine likawekwa sharti la kuendelea kujadiliana ili mashindano ya silaha yasifike huko chini kabisa. Sharti hilo halijatimizwa mpaka leo.

Kura yenyewe ilipigwa kwenye Baraza Kuu tarehe 7 Desemba 1970: 104 ziliunga mkono, 2 zikapinga, 2 hazikuegemea upande wowote. Waliopinga ni Peru na El Salvador. Ambao hawakuegemea popote ni Ecuador na Ufaransa. Ufaransa tumeshaiona, kiti chake kilikuwa kitupu. Lakini Peru na Ecuador? Hao pamoja na Chile walitangaza maili 200 huko Santiago mwaka 1952. Kwao hata ibara ya nne haikutosha. Mkataba wowote unaotaja 12 waliuona ni msumari kwenye dai lao.

JahaziLaUsiku ameandika:

Basi Peru walikuwa wameona mbali. Si ndiyo hizo maili 200 tunazozitumia sote leo?

Nahodha wa Mwambao ameandika:

Kwa sehemu, ndiyo, lakini si kwa umbo walilotaka wao, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia kwa haki yake.

Peru na wenzake walitaka mamlaka juu ya maili zote 200. Wakubwa wasingekubali kamwe, kwa sababu ileile ya meli za kivita na milango-bahari. Aliyekuja na njia ya kati ni Kenya. Mjumbe wake, Frank Njenga, alilipeleka wazo la ukanda wa kiuchumi kwenye kikao cha wanasheria wa Asia na Afrika, Lagos, Januari 1972, na tarehe 7 Agosti mwaka huo Kenya ikaweka rasimu rasmi Geneva kwenye Kamati ya Sakafu ya Bahari, kamati iliyozaliwa na ile hotuba ya Pardo. Wazo lenyewe: bahari ya kitaifa iwe 12, na mbele yake mpaka maili 200 mwenye pwani awe na haki ya samaki na madini, lakini meli za watu ziendelee kupita. Mei 1973 Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ukalikumbatia Addis Ababa. Tanzania kwanza ilikwenda njia yake, mwaka huohuo ikatangaza bahari ya kitaifa ya maili 50, ila kwenye mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari uliofuata ikasimama na wenzake. Ujumbe wake uliongozwa na Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Sheria ya Bahari huko Hamburg.

Tazameni mbinu: Kenya ilitenganisha haki ya mali na haki ya kupita. Ni ufundi uleule wa 1969, pale walipotenganisha mpaka wa katazo la silaha na mpaka wa bahari ya kitaifa. Ukikuta jambo limekwama kwa sababu mstari mmoja umebebeshwa mizigo miwili, chora mistari miwili.

Mkataba wa Sheria ya Bahari ulitiwa saini Montego Bay, Jamaica, 10 Desemba 1982. Maili 12 zikakubalika, na milango-bahari ikapewa utaratibu wake wa kupita bila kuzuiwa. Marekani, iliyopigania 3 kwa karibu karne mbili, ikatangaza yake ya 12 Desemba 1988. Mkataba wenyewe haijauridhia mpaka leo.

BintiNyanza ameandika:

Samahani narudi kwenye lile pengo. Umesema ndani ya bahari ya kitaifa mkataba unanyamaza, na mwenye pwani anaweza kumkaribisha rafiki. Kwa hiyo nchi yetu yoyote ya mwambao inaweza kisheria kumruhusu mkubwa fulani aweke nyuklia chini ya bahari yake?

Mzee wa Kilindini ameandika:

Hapana binti yangu, hilo nakujibu mimi. Afrika iliziba yenyewe. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kutumika 15 Julai 2009, unaifanya Afrika ukanda usio na silaha za nyuklia. Na ukisoma tafsiri ya neno "eneo" humo ndani, utakuta wameandika nchi kavu, maji ya ndani, bahari ya kitaifa, anga iliyo juu, na sakafu ya bahari pamoja na udongo ulio chini yake. Nchi mwanachama haiwezi kuweka wala kumruhusu mtu kuweka. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Meli na ndege za kigeni zinazopita au kutia nanga tu, hizo kila nchi inaamua yenyewe.

Kabla ya hapo, mwaka 1971, Sri Lanka na Tanzania zilipeleka Umoja wa Mataifa hoja ya kuifanya Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani, na Baraza Kuu likalitangaza Desemba mwaka huo. Wakubwa hawakulitekeleza. Diego Garcia, kisiwa cha Chagos katikati ya Bahari ya Hindi, ilianza kujengwa kuwa kambi ya Marekani mwaka uleule, na kwenye ramani ya Pelindaba visiwa vya Chagos vimo ndani ya ukanda, ila Uingereza iliweka bayana ilipotia saini itifaki kwamba haikubali vihesabiwe.

Mwana wa Muscat ameandika:

Mzee, hapo kwenye Chagos pana uzi mwingine mzima. Naomba nahodha auanzishe, na safari hii tuanze na ramani.

Nahodha wa Mwambao ameandika:

Nitauanzisha inshallah. Kwa atakayetaka kusoma maandishi ya mkataba wa 1971 wakati tunasubiri, ni mfupi, ibara 11 tu. Aanze na ya kwanza, aruke mpaka ya nne, kisha arudi ya pili. Akishazisoma kwa mpangilio huo, anipe maoni yake hapa: je, pengo la ndani ya bahari ya kitaifa waliliacha kwa kukosa budi, au walilitaka? Mimi naamini walilitaka, kwa sababu wote wawili walikuwa na washirika wenye pwani.